Nilinywesha Maziwa, Muzee Akatia Dole

Ko. Ko. Ko-ko.

Hiyo ni ndoo ya bati. Mtoto wa tembo anaigonga kwa mkonga wake, anaisukuma mpaka ukutani, anaigonga tena, kwa sababu ni tupu naye ana njaa. Mlio ule ninao masikioni hadi leo. Jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kinu kikalia hivyo, naacha ninachofanya, namngojea amalize.

Jina langu usilitafute chini ya barua hii, halipo. Nimekosa. Hakuna aliyenituma, na shetani nisimsingizie. Niliua watoto wawili wa tembo hapa hapa Bunia. Wa kwanza nilimuua kwa upendo. Wa pili nilimuua nikijua. Kisha nikamwacha mzee wa watu aondoke na jina la muuaji. Kama ulikuwa umeshaandaa pole yako, irudishe mfukoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, baba aliposema basi, sasa ni zamu ya wadogo zako. Lakini mwandiko nilikuwa nao. Eh, mwandiko! Herufi zangu zilisimama kwenye mstari kama wanafunzi wakati wa kupandisha bendera. Ndiyo maana Dokta akanichukua.

Dokta alikuwa daktari wa wanyama, sitwayeni, kama raia tulivyoitana miaka ile, wa kutoka Kisangani, koti lake la abakosi limepigwa pasi hata siku za matope. Alikuwa na uwanja mdogo mwisho wa mji, upande wa barabara ya Mambasa. Miaka ile watu wenye bunduki walimaliza tembo porini kwa sababu ya meno, na watoto wao walikutwa wamesimama kando ya mizoga ya mama zao. Kuwalea hakuna aliyejua vizuri. Wengi walifia mikononi mwa watu waliotaka kuwaokoa. Dokta alitaka kujua mtoto wa tembo ale nini ili aishi, aandike, na watu wa vituo vingine wasome na wafuate.

Basi kazi yote ilikuwa ndani ya kaye moja kubwa, daftari la mistari. Saa ngapi amekula, amekula nini, kiasi gani, mavi yake yakoje. Mwenye kaye nilikuwa mimi.

Mwenye tembo alikuwa Muzee Mbiko. Yeye alikuwa kornaki, mtu wa kufuga na kufundisha tembo, kutoka kule kaskazini ambako tangu wakati wa Wabelgiji tembo walifundishwa kuvuta magogo. Alikuwa mrefu, mkavu, mguu mmoja umepinda, maana tembo aliwahi kuukalia. Kusoma hakujua. Kwa hiyo kila jioni nilimsomea ukurasa wa siku hiyo, naye akakandamiza dole gumba kwenye kitambaa cha wino, akalitia mwisho wa mstari, penye safu ya mlishaji. Bila dole lile, Dokta alisema, ukurasa ni karatasi tu ya kufungia karanga. Kumbuka maneno hayo.

Na mimi Dokta aliniahidi jambo. Kaye ikiwa safi mwaka mzima, ataniandikia barua niende kaskazini nikajifunze kazi ya tembo. Msichana wa kwanza! Wenzangu waliota harusi na sahani za maua. Mimi nilijiona juu ya shingo ya tembo, kitambaa kichwani, napita katikati ya watu nikiwapungia mkono. Nilicheka peke yangu njiani hadi watu wakageuka.

Huyo wa kwanza alikuja juu ya kamio, lori la mbao kutoka Mambasa, kwa hiyo tukamwita Mambasa. Alinifika kiunoni. Nywele zake za kichwani zilisimama ovyo kama ufagio uliochakaa. Siku ile ile alikamata kiwiko changu akakinyonya, akafumba macho. Nilipotea hapo hapo.

Muzee alimlisha uji mwepesi: maji ya mchele uliochemka na kuchujwa, ndizi iliyopondwa, chumvi kidogo, na kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yale ya msaada wa misheni. Kidogo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alilala naye kwenye majani. Alimwimbia wimbo ambao maneno yake hata yeye hakuyajua maana. Alisema uliachwa na Wahindi waliowafundisha kornaki wa kwanza, na tembo hawajali maana, wanajali sauti.

Lakini Mambasa alikonda. Mbavu zikahesabika. Na ndoo, kila mara ndoo. Ko. Ko-ko.

"Muzee," nikamwambia, "huyu mutoto iko na njaa."

"Nasikia."

"Sasa juu ya nini hapana muongezea?"

"Njaa yake unaisikia na masikio. Tumbo yake ikiharibika, utaisikia na pua." Alikuwa anachuja mchele, hakunitazama. "Njaa haimuue mbio. Tumbo ndiyo inamuua mbio."

Halafu akanionya jambo moja. Maziwa ya ng'ombe asiguse hata tone. Mafuta yake, tumbo la mtoto wa tembo haliyajui. Kaskazini walizika wengi kabla ya kuelewa.

Aliniambia wazi, kwa Kiswahili ninachokijua, mchana kweupe. Sitasema sikuelewa.

Ila sisi kwetu ni watu wa ng'ombe. Mtoto akidhoofika, apewe maziwa. Mgeni akifika amechoka, apewe maziwa. Mtu wa kunyima maziwa tunamjua jina lake, nalo si zuri. Nikamchukia Muzee Mbiko. Nikaanza kumwita Muzee Kidole, kwa sababu ya kutojua kuandika. Pale bombani nikawaambia wamama kwamba Muzee Kidole anamfungia mtoto chakula, labda mchele unakwenda sokoni. Yalikuwa maneno ya kubuni tu, ya kuchekesha watu wanaongoja ndoo zijae.

Siku ya pili yake alipita na mzigo wa majani kichwani. Mama mmoja akamuuliza, "Muzee Kidole, muchele leo ni bei gani?"

Muzee akatua mzigo. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, kwa heshima, akaniruka mimi. Akabeba mzigo wake akaenda. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Nyumbani nilimlilia koko yangu, mama wa baba, tuliyekaa naye parseli moja, ua mmoja. Ng'ombe wake walikuwa mlimani kwa baba mdogo, na kila asubuhi aliletewa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilimweleza mbavu za Mambasa. Koko akakasirika kabisa.

"Mutoto gani hanywe maziwa? Weye ulikuwa kama ukuni. Maziwa ndiyo ilikuinua." Akanisukumia kibuyu. "Mupelekee. Na ule muzee umuambie miye koko yako nimesema."

Sikumwambia Muzee. Saa nane kila siku alikwenda Ngezi, mtoni, kukata majani, akikawia saa nzima. Saa hiyo nilikuwa peke yangu na Mambasa. Nikamimina kibuyu chote ndani ya ndoo.

Alikunywa! Alikunywa hadi akapuliza mapovu. Alipomaliza akaniegemea kwa uzito wake wote nikaanguka kwenye majani, tukakaa hapo, mimi nacheka na yeye ananinyonya shingo. Kwenye kaye nikaandika: saa nane, maji ya mchele, bakuli mbili. Mwandiko safi kabisa.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile. Ndoo haikulia tena saa za jioni. Nilimtazama Muzee kwa dharau, nikasema moyoni, umeona? Kumbe ilikuwa maziwa tu. Kichwa chako cha kale.

Siku ya nne Mambasa aliharisha.

Nilimkuta Muzee amechuchumaa na kijiti, anachambua mavi. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vilivyoganda. Akavinusa. Akainuka, akamfungua Mambasa mdomo, akanusa na huko. Jioni akakaa mahali pake pa kila siku, kitambaa cha wino mbele yake.

"Binti, saa miye niko mutoni, unamupa nini?"

"Uji yako. Ile iko kwa kaye."

"Soma kaye."

Nikasoma. Saa sita, maji ya mchele. Saa nane, maji ya mchele. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linaniumiza kuliko mengine.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, Muzee."

Alitazama dole lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akalikandamiza kwenye wino, akalitia kwenye mstari niliouandika.

Kwa nini alitia? Nimejiuliza miaka. Nafikiri kazi aliyofundishwa ilikuwa kutia dole kwenye kile alichosomewa, na angekataa, ingekuwa pua ya mzee asiyesoma dhidi ya mwandiko wangu. Alijua nani angeshinda.

Mambasa alikufa asubuhi ya siku ya sita. Alikuwa amelala, kichwa juu ya ule mguu wa Muzee uliopinda. Mkonga wake uliifikia ndoo ukaigusa mara moja tu. Ko. Basi.

Dokta akatuita biro, ofisini kwake, wote wawili. Muzee alisimama, mimi nilipewa kiti. Muzee alisema alinusa maziwa mdomoni mwa mtoto, na hakusema zaidi ya hapo. Dokta akanigeukia, akauliza kwa upole kama ni kweli.

Hapo ndipo, wewe unayesoma. Mlango ulikuwa wazi. Maneno mawili yangetosha. Nikatazama meza, nikaona karatasi nyeupe za barua, nikaona shingo ya tembo na kitambaa changu kichwani.

"Hapana, Dokta."

Dokta akafungua kaye, akaigeuza kuelekea Muzee. "Hapa imeandikwa uji. Hii dole ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi."

Dokta aliamua kwamba mchele ulilazwa ukachacha, ndio ulioharibu tumbo. Muzee alifukuzwa siku ile ile. Nilimkuta langoni, kifurushi begani. Nilitaka kumwambia kwaheri, unaona ujinga! Akasimama karibu nami.

"Kuandika unajua," alisema. "Kusoma utajifunza siku gani?"

Akaenda zake kwa mguu wake mmoja na nusu.

Ungedhani hadithi imekwisha hapo, nami nibaki na dhambi moja. Haikwisha, kwa sababu uongo wangu haukuwa mdomoni tu. Ulikuwa kwenye kaye, na kaye ile ilikuwa ya watu kujifunzia. Dokta aliisoma vizuri, akafikiri kama msomi, akaandika: uji wa mchele unaua watoto wa tembo, afadhali maziwa ya ng'ombe, mabichi, mengi.

Kiangazi kikaja, na kamio nyingine ikaleta mtoto mwingine. Jike, mdogo kuliko Mambasa, sikio moja limechanika. Huyo sikumpa jina. Nilikataa, na Dokta akadhani nimekuwa mtu mzima.

Na maziwa, Dokta aliyaagiza wapi? Kwa koko yangu! Koko alivaa kitenge chake cha misa siku ya kuleta kibuyu cha kwanza. Aliwaambia wamama wa bombani kwamba sasa hata serikali imeelewa. Dokta akanikabidhi ndoo mkononi.

Nilisimama nayo. Mtoto akanijia mbio, masikio wazi. Nikarudi mpaka mlango wa biro, nikaita. Nikasema labda, Dokta, labda tujaribu tena uji, kidogo kidogo.

Hakuinua kichwa. "Unataka tuue na huyu na muchele ya yule muzee?"

Bado mlango ulikuwa wazi, mara ya pili. Barua yangu ilikuwa pale mezani, imeandikwa yote, inangoja muhuri. Niliiona kwa macho yangu.

"Hapana, Dokta," nikasema tena.

Nikaenda nikamimina maziwa. Nikayatazama yakiingia. Nilijiambia labda Mambasa alikufa kwa huzuni ya mama yake, watu husema hivyo. Nilijiambia kila mnyama na tumbo lake. Siku ya tatu mavi yalikuja meupe, nami nikaandika kwenye kaye: laini kidogo. Laini kidogo! Nilikuwa na mwandiko wa kuficha kaburi.

Alikufa kabla ya wiki kwisha. Hapakuwa na mtu wa kumwekea kichwa mguuni. Mimi nilikuwa nimejificha stoo na vidole masikioni.

Dokta akavunjika moyo. Aliandika kwamba watoto wa tembo hawawezi kuishi Bunia, uwanja ukafungwa, naye akahamishwa. Barua yangu haikupata muhuri. Ilistahili hivyo. Na yale aliyoandika Dokta kuhusu uji na maziwa yalikwenda wapi? Yalisomwa na nani? Kuna uwanja gani mwingine, na ndoo gani nyingine? Sijui. Nikianza kufikiri hayo, usingizi unaniaga.

Maziwa sijayanywa tena. Kwenu labda hilo ni jambo dogo. Kwetu, koko akikupa kibuyu mbele ya watu nawe ukageuza uso, umemtukana yeye, ng'ombe wake na waliomzaa. Nilimfanyia hivyo kwenye ubatizo, kwenye matanga, mara nyingi.

"Umekuwa muzungu?" aliniuliza mbele ya shangazi zangu. "Maziwa yangu inanuka?"

Ningemwambia nini? Kwamba maziwa yake, fahari yake yote, yaliua mara mbili kwa mkono wangu? Alikufa mwaka juzi akiamini mjukuu wake anamdharau. Hakuna wa kunisamehe tena upande huo.

Kuhusu Muzee Mbiko, nilimtuma dereva mmoja wa kamio aendaye kaskazini. Aliporudi alisema mzee yule yupo, analima karanga. Aliomba kurudi kwenye kazi yake ya tembo wakamkatalia, kwa sababu barua ya Bunia ilimtangulia. Watoto wa kijiji wanamwita Muua-tembo. Nilimuuliza dereva kama alifikisha salamu zangu. Akasema alifikisha. Mzee alisikiliza, akaendelea kupalilia.

Sasa kwa nini naandika leo, baada ya kunyamaza kote huko?

Mwezi uliopita nilinunua karanga sokoni. Nilipokula nusu, nikaona herufi kwenye karatasi. Zimesimama kwenye mstari kama wanafunzi wa bendera. Saa nane, maji ya mchele, bakuli mbili.

Nilirudi kwa yule mama mbio. Alisema waliosafisha nyumba ile ya zamani ya Dokta walimuuzia makaratasi. Nikanunua yote yaliyobaki, naye akanishangaa. Karatasi ya kufungia karanga, kama alivyosema Dokta. Madole ya Muzee yalikuwepo, moja kila mstari, meusi, yenye kovu katikati.

Hakuna msomi atakayeifungua tena kaye ile nimsahihishie. Ndiyo maana nasema kwenu, msome popote mlipo: mtoto wa tembo musimupe maziwa ya ng'ombe. Muzee Mbiko alikuwa na haki. Mchele wake ulikuwa safi. Aliyeua alikuwa msichana mcheshi wa Bunia mwenye moyo laini, na watu wote walimpenda.

Na wewe binti unayepewa kalamu kwa sababu wengine hawaijui, jihadhari. Yule anayetia dole amekukabidhi macho yake. Na moyo laini usiutegemee. Wangu ulilia kwa sababu ya ndoo tupu, lakini mtu alipofukuzwa mbele yangu ulinyamaza kimya.

Jana mchana, watoto wa wadogo zangu wakiwa shuleni, nilifunga mlango. Nikatafuta ukurasa wa siku ile, ile ya "ni ile tu, Muzee". Kitambaa cha wino sina. Nilikwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na tone la mafuta ya mawese. Kalamu ilikuwepo mezani, na jina langu najua kuliandika vizuri sana.

Nikatia dole. Nililitia hapo hapo pembeni mwa lake, kwenye safu ya mlishaji. Langu lilikuwa dogo kuliko lake, na halina kovu. Nikakaa nikangoja likauke.